Mzee wa Mita Elfu Moja

Mama yangu alifariki akiamini kwamba miaka yote niliyokaa Afrika Kusini nilikuwa nikichunga punda. Nilimweleza mara nyingi kuwa ni farasi. Aliniitikia, "Haya, farasi," lakini jirani akija kumjulia hali, nikamsikia kutoka jikoni, "Huyu mwanangu alikuwa na punda wa Wazungu huko Durban. Wakubwa, na wanakimbia." Punda aliwaona Mtwara alipokuwa msichana. Farasi hakuwahi kumwona, na hapa Palma, kusini ya Ruvuma, nani amewahi? Wazee husema mbung'o wa bara hawamwachi farasi amalize mwaka. Chuoni tulihifadhi sura inayotaja farasi, na mwalimu aliyetuhifadhisha, nadhani, naye alikuwa akiwaza punda.

Sikwenda kule kwa ajili ya wanyama. Nilimfuata mume. Alikuwa fundi wa plasta, mtu wa hapa hapa pwani, mpole, mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya gereji ya watu, nikawa nampikia na kumngoja. Mwaka wa pili akasema anakwenda Cape Town kuangalia kazi ya miezi mitatu. Mwezi wa tano akanipa talaka kwa simu, kwa sauti ya upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. Huko alikokwenda alikuwa ameshaoa. Mimi sikuwa na mtoto wa kurudi naye nyumbani, wala uso wa kurudi nao peke yangu.

Jirani yangu mmoja, mwanamke wa Kimakua kutoka Nampula, alikuwa akifua mablanketi ya farasi kwenye mazizi yaliyokuwa nje ya mji. Yeye ndiye aliyenipeleka. Nilipewa ufagio na uwanja wa kufagia, mstari mrefu wa vyumba vya farasi, kila chumba na mlango uliokatwa katikati, nusu ya juu wazi. Kila nilipopita, kichwa kilitoka. Siku ya kwanza niliogopa mpaka nikafagia katikati ya uwanja tu, nikaacha takataka zote za milangoni.

Chumba cha mwisho alikaa farasi ambaye hakuna mwanamume aliyemkaribia bila kujitayarisha. Alikuwa na miaka mitatu, wa rangi ya kahawia iliyoiva, kifua kipana, mgongo mfupi, na mapaja ya nyuma yaliyojaa kama magunia ya mpunga. Alikuwa ameshawauma watu wawili. Mmoja wao alikuwa mkuu wa watunza farasi mwenyewe, mzee wa Kizulu, mjane, ambaye begani alikuwa na kovu la meno. Mzee huyo aliniita "sisi". Kwao neno hilo ni dada. Mimi kwa wiki nyingi nilidhani anatumia Kiswahili, kwamba anaponiita ana maana ya mimi na yeye na farasi wote pamoja, na nilifurahi, kwa kuwa ilikuwa muda mrefu tangu mtu anihesabu pamoja naye.

Sikuwa na wa kuzungumza naye Kiswahili. Kwa hiyo nilipofagia nilikuwa nikisema peke yangu: nimeota nini, mchele umepanda, mama hajapiga simu, mguu unaniuma. Sikujua kama yule wa chumba cha mwisho anasikiliza. Asubuhi moja nimeinama kuzoa, nikahisi kitu kizito na cha moto kimekaa begani pangu. Kilikuwa kidevu chake. Nilibaki nimeinama vile vile, nikingoja meno. Hayakuja. Alikuwa ameuweka uzito wa kichwa chake kwangu kama mtu anavyoegemea ukuta.

Mkuu alikuwa ameona. Hakupiga kelele. Alisubiri farasi auondoe mdomo wake mwenyewe, kisha akaniambia, "Sisi, kuanzia kesho huyu ni wako."

"Mimi sijui chochote."

"Ndiyo maana. Sisi tunaojua anatuuma."

Nilijifunza kila kitu kwa farasi yule. Kumsugua kwa brashi kufuata manyoya yanavyolala. Kumwinua ukwato na kuutoa uchafu kwa chuma kilichopinda. Kumwekea lijamu bila kumgonga meno. Zaidi ya yote, kushusha mkono. Kila asubuhi kabla ya jambo lolote, unachuchumaa na kuushusha mkono mguuni, kutoka gotini mpaka chini, polepole, ukitafuta joto. Mguu mzima ni wa baridi kama mtungi. Ukiwa na joto kidogo tu, hata kama farasi anakula na kucheza, kuna jambo limeanza ndani. Mkuu alisema macho hudanganyika, mkono haudanganyiki.

Wetu walikuwa farasi wa mbio fupi, mita elfu moja, mara nyingine elfu na mia mbili. Mwenye kuwafundisha, mzungu mzee aliyevaa kofia ile ile iliyopauka kiangazi na masika, hakuwa msemaji. Katika miaka yote sidhani aliniambia maneno yanayojaza ukurasa. Lakini moja nalikumbuka. Alisema farasi wa mbio ndefu akikosea ana muda wa kutubu. Wa mbio fupi hana.

Nilipompeleka farasi wangu kwenye mashindano yake ya kwanza nilifunga kilemba kipya, nikamzungusha mbele ya watu. Kisha mpandaji akapanda, wakaenda, na sisi watunzaji tukasimama kwenye uzio karibu na pale wanapomalizia. Njia ni moja, imenyooka. Mwanzoni huoni kitu, unaona mstari wa rangi kwa mbali ambao hausogei. Halafu ardhi inaanza kusema chini ya viatu vyako. Halafu wanakuwa wakubwa ghafla, na upepo wao unakupiga usoni, na wamepita. Hata dakika haijaisha.

Wangu alitoka kama jiwe kwenye manati. Aliongoza. Nilisahau heshima zangu nikapiga vigelegele, wanaume wakageuka kuniangalia. Zilipobaki kama mita mia mbili, akapitwa na mmoja, akapitwa na wa pili, na wengine wawili. Aliyeshinda alikuwa farasi wa kijivu ambaye nilikuwa nimemwona dakika chache kabla tukizunguka pamoja. Shingo nyembamba, makovu kwenye miguu ya mbele, mdomo wa chini umelegea. Nilikuwa nimemwonea huruma. Nilidhani ni mgonjwa.

"Yule ana miaka minane," mkuu akaniambia tulipokuwa tukimmwagia wangu maji. "Ulimwonaje mwishoni?"

"Aliongeza mbio."

"Hapana. Hakuongeza. Wenzake ndio waliopunguza."

Neno hilo lilinikaa. Nikaanza kuwaangalia wazee. Katika kila mashindano hukosi mmoja au wawili, wa miaka saba, minane, tisa, kati ya vijana wanaong'aa na kurukaruka. Vijana wanatoka jasho kabla ya kukimbia. Wanapigana na lijamu, wanashtushwa na mwavuli, wakifika kwenye geti la kuanzia mbio wameshazitumia nguvu zao nusu. Mzee anatembea kama anayekwenda kisimani. Anaingia ndani ya geti, anasimama, anasikiliza. Geti likifunguka, hatua yake ya kwanza si kubwa kama ya kijana, ila inakwenda mbele, haiendi juu. Anajua mita elfu moja ni ndefu kiasi gani. Anajua mahali ambapo kila mnyama duniani huchoka, na hapo yeye huendelea na mbio zile zile alizokuwa nazo. Kasi wamezaliwa nayo wote, bila hiyo wasingeletwa pale. Mkubwa miongoni mwao ni yule anayechelewa kuliko wote kuanza kupungua.

Na kuna jambo jingine ambalo hulioni uwanjani. Mzee anajua kulala. Farasi wangu katika mwaka wake wa tatu na wa nne alikuwa akisimama usiku kucha, anazunguka chumbani, asubuhi majani yake ya kulalia yamechimbika. Alipofika miaka mitano nikamkuta kwa mara ya kwanza amelala chini kabisa, miguu ameinyoosha, anakoroma. Nilidhani amekufa. Nilimwita mkuu kwa ukelele, akaja mbio, akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa amekuwa farasi," alisema. Mwaka huo alishinda mara tatu.

Siwezi kusema nilikuwa na furaha kule. Sikukuu nilisali na watu nisiowajua, nikarudi zizini kula pilau yangu nimekaa juu ya ndoo. Yule mwanamke wa Nampula alirudi kwao. Mkuu alikuwa na watoto wake wa kwenda kuwatazama Jumapili. Mimi nilikuwa na yule farasi, na niliyezungumza naye Kiswahili alikuwa yeye peke yake, mpaka watu wa zizi wakawa wanasema farasi huyu haelewi Kiingereza.

Alipokuwa na miaka saba, asubuhi ya baridi, mkono wangu ulishuka mguu wa mbele wa kushoto ukakuta joto. Dogo, kama ukubwa wa kokwa ya embe, nyuma ya mfupa. Alikuwa anakula. Hakuchechemea. Nilishusha mkono mara ya pili, mara ya tatu, nikitaka nimekosea. Kisha nikaenda kumwambia mkuu.

Daktari wa wanyama alisema mshipa umechanika. Mwenye farasi, mtu ambaye nilimwona mara chache akiwa na miwani ya jua, alisema miaka saba inatosha, apewe anayemtaka. Mwalimu wa kofia iliyopauka alisugua kidevu. Alinitazama mimi, si mwenye farasi. "Ataweza kusimama kwenye maji kila siku?" akauliza.

"Ataweza," nikajibu.

"Si yeye. Wewe."

Miezi ile sikuihesabu. Asubuhi na jioni nilishika mpira wa maji ya baridi mguuni pake, nusu saa kila mara, vidole vyangu vikifa ganzi. Kisha udongo wa mfinyanzi, kisha bendeji, isibane, isilegee. Mwanzoni alinichukia. Baadaye akawa anausogeza mguu mwenyewe akiona mpira. Vijana wapya waliingia katika vyumba vya jirani, wakashinda, wakapigwa picha. Mbele ya chumba chetu hakuna aliyesimama.

Alirudi akiwa na miaka minane. Siku hiyo hakuna aliyemtazama alipozunguka. Mdomo wa chini umelegea, shingo imepungua, na nilimsikia mwanamume mmoja kando ya uzio akimwambia mkewe kwamba yule wa mwisho wamemleta wa nini. Nilimsikia na nikamwonea huruma yeye, kwa sababu mwaka ule nilikuwa nimeshajua ninachokitazama. Geti lilifunguka. Ardhi ikasema. Walipokuwa wakubwa machoni alikuwa wa nne, na pale mahali ambapo wote huchoka, watatu wa mbele wakaanza kurudi kwake, mmoja mmoja, kana kwamba amewavuta kwa kamba. Yeye hakubadilisha kitu. Alishinda kwa urefu wa shingo.

Nililia hadharani. Mkuu akaniambia, "Unalia nini, sisi? Ameshinda," na yeye mwenyewe alikuwa anajifuta macho kwa bendeji ya farasi.

Mdogo wangu alipiga simu mwaka uliofuata. Mama, aliyekuwa amekimbilia mji wa Pemba, ule wa huku kwetu, si kisiwa, pamoja na wengine wakati wa vita, alirudi Palma watu waliporudi. Nyumba aliikuta kuta bila mabati. Mabati yalipatikana, lakini miguu yake ikavimba, hata chooni hafiki mwenyewe. Mdogo wangu ameolewa kijijini Olumbi.

"Dada, mimi nina watoto, nina mume, nina machamba ya kulima," alisema. "Wewe una nini huko?"

Nilitaka kusema nina farasi. Nikasema, "Nakuja."

Siku ya kuondoka nilimfanyia kazi zote za asubuhi. Nilimsugua, nikamsafisha kwato, nikaushusha mkono miguu yote minne. Nilikuwa nimepanga nimwambie. Nikamwambia mambo ya kawaida tu, kwamba mvua imenyesha, kwamba nimelala vibaya. Mkuu alinibebea mfuko mpaka barabarani. Nyuma yetu niliisikia nusu ya chini ya mlango ikipigwa teke, mara mbili, kama afanyavyo chakula kikichelewa.

Mama nilimuuguza mwaka mmoja na miezi. Kila asubuhi nilichuchumaa mbele ya kitanda chake nikashusha mkono miguuni, na kila ilipokuwa ya moto nikaiweka kwenye beseni la maji ya baridi, nikaikanda kutoka chini kwenda juu. Alikuwa akifumba macho. "Mikono hii umeipata wapi?" aliniuliza. Nilimwambia. "Punda wana bahati," akasema.

Alifariki alfajiri, kwa utulivu, mimi nikiwa nimekwenda kutia udhu. Arubaini ilipopita mdogo wangu alirudi Olumbi kwa mumewe, na mimi nikabaki na nyumba ya vyumba viwili na cherehani. Nashona magauni na kukunja pindo za kapulana, vitenge vya watu. Nyumba mbili za jirani bado ni tupu. Wenyewe wako Pemba, wengine ng'ambo ya Ruvuma, wengine hatujui.

Nilijaribu kueleza. Jirani mmoja, mwanamke mwema aliyeniletea uji siku zote za msiba, alinisikiliza mpaka mwisho kuhusu farasi anayekimbia mita elfu moja. "Nyama yake tamu?" aliuliza. Sokoni kuna mwanamume aliyewahi kukaa Johannesburg. Aliposikia kazi yangu macho yalimtoka, nikadhani nimepata mwenzangu. Alitaka kujua kama kule zizini tulikuwa tukijua mapema nani atashinda, na kama naweza kumuulizia kwa hao niliowaacha. Tangu siku hiyo namwamkia tu na kupita.

Kwa hiyo nikawa natazama peke yangu. Mbio huoneshwa kwenye simu. Redi ya nyumbani kwangu, yaani mtandao wa simu, ni ya kubahatisha, ila nikikaa kwenye jiwe nyuma ya jiko, nikaelekeza simu upande wa mnara, inatosha. Ninawajua wote. Wale niliowaona wakiletwa zizini na miguu mirefu isiyojua pa kwenda, sasa ni wa miaka sita na saba, na ninawaona kwenye kioo kidogo wakizunguka, na najua yupi amelala vizuri. Huwa nasema kwa sauti, "Huyu leo hapana," na kweli inakuwa hapana, na hakuna wa kunishuhudia.

Na mzee wangu alikuwa bado anakimbia. Miaka kumi. Hakuwa akishinda tena, lakini wa tatu, wa nne, wa pili mara moja. Mkuu alinitumia ujumbe wa sauti kila baada ya mbio, mfupi, nyuma yake ndoo zinagongana. Mwisho wa kila ujumbe alitaja miguu. "Baridi," alikuwa akisema. Hilo lilikuwa salamu yetu.

Msimu wa kuvuna mpunga nilikwenda Olumbi kumsaidia mdogo wangu. Tulikuwa shambani siku ya nne pale ujumbe uliponikuta, baada ya kuzunguka angani sijui muda gani. "Sisi, Jumamosi mchana. Mwenye farasi amesema hii ni ya mwisho. Baada ya hapo anampumzisha."

Jumamosi ilikuwa kesho yake. Pale shambani simu hushika kwa bahati tu, si kwa kutazama mbio. Mpaka barabara kuu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Asubuhi nikamwambia mdogo wangu kwamba mchana nitaondoka kidogo.

"Unakwenda wapi?"

"Barabarani. Kuna mbio nataka kuzitazama."

Alinyanyuka, mundu mkononi, jasho linamchuruzika. "Dada. Mpunga unaanguka chini, ndege wanatumaliza, na wewe umri huu unakwenda kumtazama farasi?"

"Ni mara ya mwisho."

"Ya mwisho kwako au kwake?"

Nilivuna kwa haraka kuliko siku zote mpaka jua likafika utosini, nikafunga miganda yangu, nikaondoka.

Barabarani kuna kibanda cha kuuza sabuni na biskuti, na mbele yake benchi. Mwenye kibanda alinipa kivuli, akaendelea na usingizi wake. Nilifungua simu. Picha ikatokea, uwanja wa kijani, watu na kofia, kisha ikaganda, ikabaki duara dogo linazunguka na kuzunguka. Nilisimama. Nikainua mkono. Nikavuka barabara, nikarudi. Zilikuwa zimebaki dakika sita. Nikaacha picha, nikampigia mkuu.

"Uko wapi?" akauliza.

"Barabarani. Sioni kitu. Nielezee."

"Anazunguka. Nimemwacha kwa wenzangu, mimi nimekuja uzioni." Aliongea kwa kuhema, uzee nao umemfikia. "Vijana wawili wanacheza dansi. Mmoja ametoka povu mpaka mapajani."

"Na yeye?"

"Yeye mdomo umelegea."

Nikacheka. Mwenye kibanda akafumbua jicho moja.

"Wanaingia kwenye geti," mkuu akasema. "Mmoja anakataa. Wanamsukuma. Ameingia. Yeye kasimama. Sisi, kasimama kama mlingoti." Kisha nikasikia umati tu, kama mvua inayokuja kwa mbali. "Wametoka!"

Wakati huo huo malori yakaja. Yalikuwa mengi, yamefuatana, yanatoka kusini na mizigo ya kwenda Palma, kila moja na kishindo chake na vumbi lake. Nilijifunika kapulana kichwani pamoja na simu, nikakaa chini, nikabana sikio jingine kwa kiganja. Nilisikia injini. Nilisikia kitu kama sauti yake inapanda, inapanda, sikujua ni kelele za furaha au za nini. Ardhi ilikuwa inatetemeka chini yangu na nilijua ni malori, lakini mwili wangu haukujua, ulisimama nywele.

Lori la mwisho lilipopita nikapiga kelele, "Imekuwaje? Imekuwaje?"

"Wa tatu!" alikuwa akirudia, labda kwa mara ya kumi. "Wa tatu, sisi. Alikuwa wa nane katikati. Wa nane! Wamemrudia mmoja mmoja. Kama kungekuwa na mita hamsini zaidi…"

"Miguu?"

"Ngoja. Nimpokee kwanza."

Simu ilikatika. Nilikaa kwenye benchi na vumbi langu lote usoni, nikingoja. Mwenye kibanda aliniuliza kama nimepata habari ya msiba, nikatikisa kichwa. Mbuzi walipita. Nadhani nilingoja robo saa, na kwa robo saa ile sikufikiri lolote, nilitazama tu mkono wangu wa kulia umelala juu ya goti.

Ilipolia nikaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Nimeushusha mkono," alisema. "Baridi. Yote minne."

Nilimsikia anapumua, na nyuma yake maji yanamwagika juu ya mgongo wa mnyama, sauti ambayo ningeitambua hata kaburini. Kisha aliitwa, akaaga.

Nilirudi shambani jua limeshuka. Mdogo wangu alikuwa amenibakishia mstari wangu. Tulivuna bega kwa bega mpaka mwisho wa jaruba.

"Amekuwa wa ngapi?" aliuliza, macho kwenye mundu.

"Wa tatu."

"Kwa hiyo ameshindwa."

"Ndiyo," nikasema.

Ungekuwa mwaka mwingine ningemweleza. Ningemwambia kwamba miaka kumi ya farasi wa mbio ni kama sitini ya mtu, kwamba aliyemtangulia alikuwa hajazaliwa yeye alipouma watu bega. Nilichoka kueleza. Nilifunga mganda, nikauweka juu ya mingine.

Baada ya wiki kadhaa mkuu alinitumia video. Ni fupi, nusu dakika. Mzee yuko kwenye shamba la watu huko milimani, mbali na mji, wamemweka pamoja na farasi wadogo wasiojua kitu, ili watulie. Amesimama chini ya mti, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha kwenye ncha ya ukwato. Wadogo wanakimbia kutoka uzio mpaka uzio. Yeye anatikisa sikio. Mkuu naye alisema amebakiza miezi michache kabla ya kurudi kwao, hivyo huenda hatapata tena habari za kuniletea.

Mdogo wangu alikuja Palma kwa ajili ya ospitali, akapita kwangu kula kabla ya chapa, basi dogo la mchana. Tulikaa barazani. Nilikuwa nimeamua nisimwoneshe, halafu nikamwonesha. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama video mpaka mwisho, akaibonyeza tena.

"Mbona amechoka hivi?"

"Hajachoka. Ndivyo wanavyosimama."

"Mkubwa," akasema. "Sikujua ni mkubwa hivi." Akaitazama mara ya tatu. "Alikuwa anakufahamu?"

"Alikuwa anaijua sauti yangu. Nilikuwa nikizungumza naye Kiswahili."

"Na sasa nani anazungumza naye?"

Nilimwambia sijui. Alinirudishia simu, akavuta ungo wa mchele akaanza kuchambua, na tulisikia chapa ikipiga honi kule barabarani, ikapiga tena, ikaondoka. Hakunyanyuka.

"Kuna ya asubuhi," alisema. "Haya, nieleze. Wanaanzaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza geti lilivyo, chumba kimoja kimoja, chembamba, mnyama mmoja na mpandaji wake, na kwamba humo ndani ndipo vijana hujimaliza. Nilimweleza juu ya kusimama. Sikuharakisha, kwani mchana ulikuwa mrefu na tulikuwa wawili. Nilipoinua macho alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea nguzo, vidole bado vimo ndani ya mchele. Farasi walikuwa ndiyo kwanza wametoka. Niliuondoa ungo mapajani pake, polepole, usimwagike.